Padre Dzierzon na Nyuki Wake Wakati wa Theluji

Adui wa mrina asali wa kwetu twawajua: nyegere, siafu, moto wa pori, na mwizi. Baridi haimo katika hesabu hiyo. Na nyuki wetu akiona maua yamekauka na maji yamekwisha, huyaacha masega yake akahama, kama watu wahamavyo wakati wa njaa. Lakini ziko nchi za kaskazini ambako nyuki hana pa kuhamia, maana pande zote ni theluji tupu. Tangu Novemba hata Machi hakuna ua la kumpa chakula, na mito hugeuka barafu. Hana budi kujifungia ndani ya mzinga na kuishi kwa akiba yake. Kundi kubwa lenye asali nyingi huokoka. Kundi dogo aghalabu hufa, hata kama asali ipo.

Katika karne ya 19 wachache walifumbua macho ya wafugaji wa nyuki kama alivyofanya padre mmoja wa Silesia, Johann Dzierzon, ambaye Wapolandi humwita Jan Dzierżon. Katika seminari sisi sote tulifundishwa jina la Mendel, yule mtawa wa Brno na mbaazi zake. Jina la Dzierzon wengi wetu hatukulisikia. Huenda sababu yake ni kwamba maisha yake yana sura moja yenye uchungu. Sura hiyo nayo tutaieleza, kwa maana gazeti la Kikatoliki halina haki ya kuificha.

Alizaliwa tarehe 16 Januari 1811 katika kijiji cha Lowkowitz, nchi ya Silesia, iliyokuwa chini ya mfalme wa Prussia. Leo kijiji hicho kimo Polandi, na jina lake huandikwa Łowkowice. Wazazi wake walikuwa wakulima, nao nyumbani walisema Kipolandi. Mtoto alisomeshwa kwa Kijerumani, na kwa lugha hiyo aliandika vitabu vyake vikubwa. Kwa ajili hiyo Wajerumani na Wapolandi wameshindana sana juu ya nani amwite wake. Sisi hatumo katika shauri hilo. Alisoma katika mji wa Breslau, uitwao leo Wrocław, kwanza sekondari, halafu teolojia katika chuo kikuu. Mwaka 1834 akapewa Daraja takatifu ya Upadre, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 24, akawekwa kuwa paroko wa Karlsmarkt. Alikaa katika kijiji hicho karibu miaka 50.

Baba yake alikuwa amefuga nyuki, na kijana alikuwa amewapenda tangu utoto. Alipopata nyumba na bustani ya paroko, akaanza kuwachungulia kwa namna ambayo baba yake hakuiweza.

Yafaa msomaji aelewe kwanza jinsi nyuki aishivyo wakati wa theluji, kwa maana wengi hudhani kwamba hulala usingizi mzito mpaka jua lirudi. Sivyo. Hewa ikipoa hata kufikia digrii 14 hivi za sentigredi, nyuki hukusanyika kuwa donge moja kati ya masega, malkia akiwa ndani yao. Wale wa nje husongamana, vichwa vikielekea ndani, wakawa kama blanketi. Wale wa ndani hutikisa misuli ya mabawa pasipo kuruka, na kwa kutikisika huko joto hutokea, kama mwili wa mtu utetemekavyo kwa baridi. Kuni za moto huo ni asali. Nje ya mzinga baridi yaweza kuwa digrii 20 chini ya sifuri, na katikati ya donge kukawa na joto la digrii 20 au zaidi. Malkia akianza tena kutaga, mwishoni mwa majira hayo, nyuki hulipandisha joto mpaka karibu digrii 35, kwa sababu majana hayakui katika ubaridi.

Sasa tazama uji ndani ya kikombe na uji ndani ya sufuria kubwa. Vyote viwili vimetoka jikoni saa moja, lakini kikombe kimepoa zamani, na sufuria bado yafuka moshi. Kundi dogo la nyuki ni kikombe hicho. Ngozi yake ni kubwa kuliko tumbo lake, kwa kusema hivyo, na joto lapotea upande wa nje upesi kuliko lifanywavyo ndani. Kila nyuki wa kundi dogo hula asali nyingi kumshinda mwenzake wa kundi kubwa, hufanya kazi zaidi, huchakaa mapema. Nyuki wa nje akizidi kupoa hufa ganzi na kuanguka chini ya mzinga. Donge lapungua, na kwa kupungua lazidi kupoa. Mwishowe halina nguvu hata ya kusogea kutoka sega moja hadi jingine, nalo hufa njaa na asali iko umbali wa upana wa kiganja. Mfugaji akifungua mzinga mwezi Machi hukuta konzi chache za nyuki wamekufa, vichwa vyao vimezama ndani ya vyumba vitupu vya sega.

Kuna na adui mwingine, ambaye watu wa nchi za joto hawamfikirii: maji. Asali iliwapo na nyuki hutoa mvuke, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Mvuke huo ukigusa ubao wenye baridi huwa matone, na matone huwadondokea nyuki. Nyuki mkavu huvumilia baridi kali sana. Nyuki aliyelowa hapati siku mbili.

Wafugaji wa zamani hawakuwa na dawa ya mambo haya, kwa sababu hawakuweza kuona ndani. Mizinga yao ilikuwa magogo yaliyochimbwa, si tofauti sana na haya ya kwetu, au vikapu vya majani makavu, na masega yaligandamana na kuta. Mtu hakuweza kutoa sega moja ila kwa kulikata. Basi katika sehemu nyingi za Ulaya ilikuwa desturi kwamba majira ya baridi yakikaribia mwenye nyuki aliipima mizinga yake kwa mikono. Ile mizito aliwaua nyuki wake kwa moshi wa kiberiti ili apate asali yote. Ile myepesi sana pia aliwaua nyuki wake, kwa kuwa alijua hawatafika Machi. Ya kati tu aliiacha hai. Desturi hiyo yatuchoma moyo, lakini tusiwahukumu upesi, maana walikuwa maskini, wala hawakuwa na njia nyingine.

Njia nyingine aliitengeneza Padre Dzierzon. Mwaka 1838 alitengeneza sanduku la mbao ambalo ndani yake, upande wa juu, viliwekwa vijiti vyembamba vya mbao, kila kimoja kikichukua sega lake. Mlango ulikuwa upande wa nyuma, na kwa kisu mtu aliweza kulitenga sega na kuta za pembeni, akalitoa pamoja na kijiti chake, akalitazama huku na huku, akalirudisha bila kumwua nyuki yeyote. Mwaka 1848 alichonga mifuo katika kuta za sanduku, upana wa milimita 8, ili vijiti vikae humo na kutelezeshwa. Miaka michache baadaye mchungaji mmoja wa Kiprotestanti huko Marekani, Lorenzo Langstroth, alitengeneza mzinga wa fremu uliokuwa mwepesi zaidi kutumiwa, nao ndio ulioenea ulimwenguni kote, hata kufika katika misitu yetu. Lakini aliyetangulia kuonyesha kwa matendo kwamba mzinga waweza kusomwa kama kitabu, ukurasa kwa ukurasa, ni paroko wa Karlsmarkt.

Fikiri mambo aliyoweza kuyafanya mwezi Septemba. Alifungua mzinga mmoja akaona asali imezidi, akafungua wa pili akaona haitoshi, akachukua sega la tajiri akampa maskini. Akikuta asali imekaa pembeni na nyuki wako mbali nayo, aliisogeza. Akikuta makundi mawili dhaifu, na malkia wa mojawapo amezeeka, aliyaunganisha yakawa kundi moja lenye nguvu. Kazi hizi leo kila mfugaji wa nchi za baridi huzifanya bila kumkumbuka mtu. Zamani zile hazikuwezekana.

Tena kuhusu joto alikuwa na shauri ambalo kwa maoni yetu ni zuri kuliko yote, kwa jinsi lilivyo jepesi. Alijenga masanduku yake kuwa mapacha. Mizinga miwili ilisimama ikigusana, ukuta wa katikati ukiwa mwembamba, na kuta za nje zikiwa nene za kuzuia baridi. Juu ya jozi hiyo aliweka jozi nyingine, mpaka likawa rundo moja kama nyumba ya ghorofa. Baridi ilipoingia, kundi la upande huu lilijikusanya karibu na ukuta wa katikati, na kundi la upande ule vivyo hivyo. Hawakuonana, hawakuchanganyika, kila moja lilikuwa na malkia wake na asali yake na mlango wake. Ila joto lilipita katika ubao. Vikombe viwili vilivyosimama bega kwa bega hupoa polepole, na kundi ambalo peke yake lingekufa liliweza kuiona Machi.

Mtu atauliza, kwa nini kuhangaika na kundi dogo? Kwa sababu ya malkia. Mfugaji ambaye malkia wa mzinga wake mkubwa amekufa wakati wa theluji hawezi kumpata mwingine mwezi Machi, maana hakuna madume wa kumzalisha. Madume hufukuzwa mizingani kabla ya baridi kuja, kwa kuwa hula bila kufanya kazi. Kundi dogo lenye malkia kijana ni akiba ya nyumba nzima.

Na katika jambo hili hili la malkia na baridi Padre Dzierzon alikuta fumbo lililomletea sifa. Hutokea kwamba malkia amezaliwa amechelewa, au mabawa yake yana kasoro, asiweze kuruka nje kukutana na dume. Kundi lake laweza kupita majira ya baridi salama. Lakini akianza kutaga, kila yai huwa dume. Hakuna mtenda kazi hata mmoja azaliwaye, na baada ya majuma machache kundi limekwisha. Wafugaji walikuwa wameyaona hayo tangu zamani na kuyaita balaa. Padre yeye aliuliza maana yake. Mwaka 1845 aliandika katika gazeti la wafugaji wa nyuki wa Kijerumani kwamba malkia hutaga mayai ya namna mbili: yaliyotiwa mbegu ya dume huwa watenda kazi au malkia, na yasiyotiwa mbegu huwa madume. Yaani dume la nyuki lina mama, wala halina baba.

Wataalamu wengi walilikataa neno hilo, wengine kwa dhihaka. Tuseme hapa kwa kifupi kwamba jambo hili la wadudu halihusiani hata kidogo na fumbo la Bikira Maria Mtakatifu. Ni kanuni ya maumbile ambayo Muumba ameiweka kwa viumbe hao. Mwaka 1853 Padre alipata nyuki wa Italia, ambao rangi yao ni ya manjano, na hapo ushahidi ukaanza kuonekana kwa macho. Malkia wa manjano aliyezalishwa na dume jeusi la Ujerumani alizaa watenda kazi wa rangi zilizochanganyika, lakini madume wake walibaki manjano safi. Mwanachuoni Carl von Siebold aliyatazama mayai kwa darubini, akakuta katika mayai ya watenda kazi dalili za mbegu ya dume, na katika yale ya madume hakukuta. Alitangaza habari hiyo mwaka 1856. Hata mheshimiwa August von Berlepsch, aliyekuwa mpinzani mkali, aligeuka akawa mtetezi wake. Mwaka 1872 Chuo Kikuu cha Munich kikampa Padre udaktari wa heshima.

Mtu asidhani kwamba mambo haya yote yalimjia kwa raha. Wezi waliiba mizinga yake, moto ukaunguza mingine, mafuriko yakachukua mingine. Kisha mwaka 1848 uliingia ugonjwa wa majana, ule uozao watoto wa nyuki ndani ya vyumba vyao hata sega zima likanuka. Makundi kama 500 yalikufa. Yaliyobaki mazima yalikuwa 10. Alikuwa na umri wa miaka 37, na kazi ya miaka 13 ilikuwa imeteketea. Alianza tena na hayo 10.

Sasa tumefika kwenye sura ile tuliyoitaja.

Uhusiano wake na wakubwa wake katika Kanisa ulikuwa umelegea kwa muda. Ilisemekana kwamba kazi ya roho za watu imepungukiwa na saa zilizokwenda kwa nyuki, na mwaka 1869 aliondolewa katika kazi ya uparoko. Ndipo tarehe 18 Julai 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulipotangaza kwamba Baba Mtakatifu hawezi kukosea afundishapo rasmi, kwa mamlaka yake kuu, juu ya imani na maadili. Padre Dzierzon alilikataa tangazo hilo mbele ya watu wote.

Yafaa kukumbuka kwamba askofu wake, Heinrich Förster wa Breslau, naye alikuwa miongoni mwa maaskofu wachache ambao katika Mtaguso waliona si vema kulitangaza fundisho hilo wakati ule. Lakini Mtaguso ulipokwisha kuamua, askofu alitii. Padre wake hakutii. Mwaka 1873 alitengwa na Kanisa. Miaka hiyo hiyo serikali ya Prussia ilikuwa ikilikandamiza Kanisa kwa sheria ngumu, na mwaka 1875 askofu Förster mwenyewe alivuliwa kazi na serikali, akakimbilia sehemu ya jimbo lake iliyokuwa katika nchi ya Austria, akafa huko mwaka 1881. Wote wawili, aliyetenga na aliyetengwa, walipoteza nyumba zao.

Hatuwezi kusema kwamba Padre Dzierzon alikuwa na haki. Kanisa lilikuwa limesema, naye alikuwa padre wa Kanisa. Lakini wako watu ambao wakimwona ndugu amekosa katika jambo moja hulifuta na jema lake lote, na hilo nalo si haki. Alikuwa mtu aliyeambiwa na wataalamu kwa miaka mingi kwamba amekosea juu ya nyuki, kumbe wao ndio waliokosea. Mtu wa namna hiyo aweza kuzoea kujitegemea hata pale asipopaswa. Hayo ni mawazo yetu. Yaliyokuwa moyoni mwake Mungu ayajua.

Alibaki Karlsmarkt bila altare. Alikaribiana na wale walioitwa Wakatoliki wa Kale, waliojitenga kwa sababu ya tangazo lile la 1870. Vitabu vyake viliendelea kuenea. Kile kikubwa juu ya ufugaji wa nyuki kwa akili na utaratibu, kilichotoka mwaka 1861, kilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1882. Vyama vya wafugaji vya nchi nyingi vilimpa nishani. Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 73, alifunga mizigo akarudi Lowkowitz, kijiji alichozaliwa, akakaa karibu na jamaa zake, akaendelea kufuga nyuki.

Kwa Kanisa alirudi mwezi Aprili mwaka 1905. Alikuwa na miaka 94, na miaka 32 ilikuwa imepita tangu kutengwa. Marafiki wengi wa ujana wake na wapinzani wake wengi walikuwa wamekwisha kufa, hata von Siebold na von Berlepsch.

Aliishi mwaka mmoja na nusu baada ya hapo. Alifariki tarehe 26 Oktoba 1906, akazikwa katika makaburi ya Lowkowitz. Mwaka 1946, Silesia ilipokwisha kuwa ya Polandi, mji wa Reichenbach ulipewa jina lake ukaitwa Dzierżoniów, na katika mji wa Kluczbork, karibu na kijiji chake, ipo nyumba ya makumbusho yenye jina lake. Siku aliyozikwa majira ya baridi yalikuwa karibu kuanza, na katika nchi ile wenye nyuki huwa wamekwisha kuyapima masega yao na kuifunga mizinga.